Kanda ya Mazishi, Sehemu ya Tatu

Kongowe, Kibaha
Alasiri, kabla ya safari yako

Debora mwanangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Tumeishi nyumba moja na kula meza moja, na tangu ile Jumapili ya ugomvi wetu sijakuambia neno lisilohusu chumvi au umeme. Mtu aliye mbali asipoandika husema hakupata nafasi. Mimi nafasi nilikuwa nayo. Wewe ulikuwa chumba cha pili. Nilichokosa ni namna ya kuanza. Mwalimu wa lugha akikosa namna ya kuanza hunyamaza, kisha kimya chake akakiita msimamo.

Kesho asubuhi unapanda treni pale Soga kwenda Dodoma. Sasa umekwenda Mlandizi kumuaga shangazi yako, na baba yako yuko bandani na kuku wake. Nyumba imetulia, nami nimechoka, lakini nisipoandika leo sitaandika tena. Sitakueleza habari za kufunga mlango, kuchemsha maji wala kutafuta usharika wa kusali. Hayo nimeyasema tangu ulipokuwa kidato cha kwanza, na siku hizi wewe ndiye unayenikumbusha mimi. Nitakuandikia habari za kazi, kwa kuwa unakwenda kufanya kazi niliyoifanya mimi, na kwa kuwa ni kazi hiyo iliyotugombanisha.

Ninyi mnaiita metadata. Sisi tuliyaita maelezo, na kabla ya kompyuta tuliyaandika kwenye kadi. Jambo ni lile lile. Kitu kinahifadhiwa, na pembeni yake panaandikwa maneno machache ya kusema ni nini, ni cha nani, ni cha lini, kimetoka wapi na kinahusu nini. Msomaji hakioni kitu chenyewe kwanza. Anaona maneno yako, na wengi hawaendi mbali zaidi ya hapo. Nilifundisha sarufi miaka mingi kabla ya kuhamia maktaba, nikadhani sarufi inanitosha: andika sentensi kamili, usitie chumvi, usikisie. Siku ya kuniaga walisema maelezo yangu hayakuwahi kurudishwa kusahihishwa. Nilifurahi, na niliwaamini.

Kuhusu zile kanda za Kisarawe, nataka nieleze kama ilivyokuwa. Siku ile tulipogombana hukunipa nafasi ya kueleza, nami sikuiomba.

Zililetwa ndani ya katoni iliyoliwa na mchwa upande mmoja. Alizirekodi zamani afisa utamaduni aliyekuwa akizunguka vijijini na redio kaseti: ngoma, hadithi, harusi, mazishi. Fundi wa maktaba alizicheza moja moja na kuzigeuza kuwa mafaili ya kompyuta. Faili refu lilikuwa likiielemea mashine yetu, kwa hiyo kila kanda aliikata vipande. Kila kipande kikapewa namba yake na ukurasa wake wa maelezo, kana kwamba kilizaliwa peke yake. Palikuwa na kisanduku cha kuandika kwamba kipande hiki ni sehemu ya kitu fulani, na kwamba kinafuatwa na kipande fulani. Tulikubaliana kuvijaza visanduku hivyo baadaye, kazi itakapopungua. Hujafanya kazi katika maktaba muda mrefu, lakini nadhani umekwisha kujua kama kazi hupungua.

Mimi nilipangiwa mazishi ya Mzee Mwinjuma, sehemu ya tatu. Nikavaa visikilizio. Ni makaburini, nyayo zinasikika kwenye majani makavu, mtu anakohoa, watu wanamswalia Mtume. Mara sauti ya mwanamume, sauti ya kukwaruza, inawakatiza:

"Simameni! Huyu hazikwi! Mwizi huyu, kanilia mbuzi wangu, mbuzi mwenye mimba, na ngozi yake ndiyo aliyokuwa akilalia! Nilipeni kwanza!"

"Toka humo, wewe," mtu anamwambia.

"Sitoki! Nimeshaingia, kaburi langu hili. Anayetaka kumzika amzike juu yangu. Na ninyi mnalia nini? Mnamlilia mwizi au mnalilia mchuzi?"

Kipande kinaishia hapo.

Siku ile ya ugomvi ulidhani sikujua kwamba yule alikuwa mtani wa ukoo. Nilijua, Debora. Nimezaliwa mkoa huu. Mtani akija msibani kazi yake ndiyo hiyo: kumtukana marehemu mbele ya wafiwa mpaka wasahau kulia, kuzuia maziko mpaka apewe chochote, kisha kubeba maji na kuosha masufuria watu wengine wote wakiwa wamekwisha kwenda zao. Nilicheka peke yangu mpaka fundi akaniuliza, "Mwalimu, kuna nini leo?" Nikafuta macho, nikanyoosha mgongo, nikaandika: "Mtu mmoja anamtuhumu marehemu Mwinjuma kwa wizi wa mbuzi na kudai fidia kabla ya mazishi."

Ikabaki kujaza kisanduku cha mada. Tulikuwa na orodha ya maneno yaliyoruhusiwa, iliyotungwa mbali na watu wasiokuwa na watani. Neno utani halikuwamo. Wizi ulikuwamo. Migogoro ya mali ilikuwamo. Nikachagua vyote viwili na kufunga ukurasa. Nilijua ni utani, nikaandika wizi, kwa sababu kanuni ilisema andika kilichosemwa na chagua kilichomo. Hapana aliyenishika mkono. Ningeweza kumwendea mkuu wangu na kumwambia kwamba orodha ina pengo, tuongeze neno. Wala asingekataa. Lakini nilikuwa mtu wa kanuni, na siku ile niliona kwamba nimeishinda hisia yangu, nikaenda kunywa chai nikiwa na amani.

Sehemu ya nne alipewa mwenzangu, wiki nyingine. Hakuisikiliza ya tatu, kwa kuwa hapana kilichomwonyesha kwamba zinafuatana. Aliandika: "Wanawake wanacheka. Mahali hapajulikani. Watu hawajulikani." Naye hakukosea kanuni.

Maktaba ikayafungua makusanyo kwenye mtandao, mimi nikastaafu. Hapana aliyekwenda kijijini kuwauliza wenye msiba wao kama wanaridhia. Nami sikuuliza.

Hukuwapo siku Hamisi alipokuja. Alikuja na pikipiki kutoka Kisarawe, ana vumbi mpaka kwenye kope. Nilimkuta mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Sikukufahamu."

"Mimi ni mjukuu wa mwizi."

Nilidhani amelewa. Akatoa simu, akanionyesha ukurasa wangu, sentensi yangu, na chini yake jina langu kama mwandaaji wa maelezo. Maktaba ndiyo iliyomwelekeza huku Kongowe. Ana mikorosho, na alikuwa akigombea uweka hazina wa chama chao cha wakulima. Mkutanoni kijana mmoja wa upande wa pili akasimama, akausoma ukurasa ule kwa sauti, kisha akauliza, "Jamani, mnataka kumpa fisi bucha?"

"Watu wakacheka," Hamisi akaniambia. "Na mimi nikacheka, mama. Nilidhani masihara. Walipomaliza kuhesabu kura nikaona kumbe nilikuwa nacheka peke yangu."

"Hukuwaambia kwamba yule ni mtani?"

"Nimewaambia. Wakanijibu, maktaba haina utani."

Nikamkaribisha chai, akakataa kwa adabu, akasema ana safari ndefu. Jioni mama yake akanipigia simu. Bi Tatu ni binti wa Mzee Mwinjuma, na wakati wa mazishi yale alikuwa msichana mdogo, wala hakuruhusiwa kufika makaburini. Nilimwambia tutayarekebisha maelezo.

"Mwalimu, sikuomba kurekebishiwa," akasema. "Naomba kufutiwa. Kanda yote. Baba yangu alikufa mara moja. Msimfufue kila siku mkapata wa kumtukana."

Jumapili iliyofuata ndipo nikakwambia lile neno. Ulikuwa ukikatakata mchicha. Ulikuwa bado na ule mkataba wako wa muda pale maktaba, na nilijua unaweza kuingia kwenye maelezo na kuyabadili.

"Ingia ufute lile neno wizi," nikasema. "Na jina langu uliondoe. Usimwambie mtu."

"Siwezi, mama. Kila badiliko linabaki limeandikwa: nani, lini, kwa nini."

"Basi kwenye hiyo kwa nini andika kosa la mashine."

Ukaweka kisu chini. "Mama, mashine haikumwita mtu mwizi. Ulimwita wewe."

Nimefundisha watoto wengi, na wengine walinijibu kwa jeuri; jeuri naiweza. Wewe ulisema kweli kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma saa. Nilikwambia sikukusomesha ili uje unifundishe. Kisha nikanyamaza, na kimya kikazoea nyumba.

Nataka ujue nilichokuwa nikitaka siku ile. Sikuwa nikimtetea Mzee Mwinjuma, wala Hamisi. Nilitaka ule ukurasa uwe haukuwahi kuandikwa. Umri wote nimewasahihisha watu kwa wino mwekundu, na kila mmoja aliona kosa lake limezungushiwa duara, akalibeba nyumbani kwenye daftari. Langu mimi nilitaka lifutwe kwa kifutio.

Usidhani sikukuona wakati tulipokuwa hatusemezani. Uliusahihisha ukurasa wangu waziwazi, kisha ukaandika kwa zile katalogi za maktaba nyingine zilizokuwa zimekwisha kunakili maelezo yangu. Nilikusikia ukimlalamikia mtu kwenye simu kwamba tumesahihisha hapa lakini huko kwenu bado anaitwa mwizi. Moja haijajibu mpaka leo. Hilo mimi sikulijua katika enzi zangu. Kadi iliyokosewa ilikaa kwenye droo yake, ukaitoa, ukaichana, ikaisha. Maelezo ya sasa yanachukuliwa usiku na mchana na mashine za watu usiowajua, na ukiyarekebisha kwako unakuwa umerekebisha nakala moja. Kwa hiyo andika polepole, mwanangu, hata mkuu wako akikuhimiza. Atakuhimiza. Nasikia huko wanakungoja na magazeti yaliyopigwa picha, na kompyuta za maofisi zilizojaa barua na picha ambazo hazikuwahi kuwa karatasi. Watakuambia zipandishwe zote kwanza, maelezo yatafuata.

Hapo nakumbuka ile aibu yangu nyingine, uliyonicheka nayo wakati tungali tunacheka. Ofisi za kata zilipoanza kutuletea rekodi za mikutano kutoka kwenye simu, mimi nilijaza kisanduku cha saa kwa Kiswahili sanifu. Mkutano ulianza saa mbili asubuhi, nikaandika mbili. Mashine ikaelewa ni saa nane za usiku. Mikutano yote ya kata nzima ikawa ya usiku wa manane, mpaka mtafiti mmoja akatuandikia kwa heshima nyingi kuuliza kama wananchi wa Kibaha walikuwa na sababu ya kukutana kwa siri. Baba yako alisema, "Mwambie ni wachawi, asije kututembelea." Kiswahili changu hakikuwa na kosa, lakini sikuuliza mashine inahesabu kuanzia wapi, wala sikumwazia mtu atakayesoma bila kuijua asubuhi yetu.

Narudi kwenye kanda. Wiki iliyopita, bila neno, ulinitumia faili kwenye simu. Baadaye baba yako aliniambia ulivyolipata: kila jioni ulisikiliza vile vipande visivyojulikana, kimoja baada ya kingine, ukitafuta ile sauti ya kukwaruza. Nilikwenda kulisikiliza nyuma ya banda, nisionekane.

Ndiyo sehemu ya nne, pale pale makaburini. Mtani anapiga kelele, "Haya, nimelipwa! Shahidi ni ninyi, nimelipwa! Mzikeni mwizi wangu taratibu, msimwumize." Sauti inamkatika katikati ya neno la mwisho. Kisha rekodi inahamia kwingine, nadhani afisa alirudi nyumbani kwenye wanawake, na mtani amekwisha kuwafikia. Mwanamke anasema, "Umemwacha salama mume wangu? Hukumkanyaga?" Naye anamjibu, "Nimemkanyaga kidogo tu, dada, aamke anilipe na ngozi." Yule mjane anacheka. Anacheka mpaka wenzake wanacheka, na ndani ya kicheko chake unasikia jinsi alivyokuwa amelia. "Nenda zako, mbwa wewe," anamwambia, "njoo ule kwanza."

Huyo ndiye mama yake Bi Tatu. Alikwisha kufariki, na kwa ninavyojua hapana mahali pengine popote ambapo sauti yake imehifadhiwa. Imekaa miaka yote hii kwenye mtandao, wazi kwa kila mtu, na binti yake asingeipata hata angeitafuta mpaka kesho, kwa sababu tuliandika kwamba watu hawajulikani. Walijulikana. Ilihitajika nauli tu ya kwenda Kisarawe na kurudi, na kikombe cha chai kwa wazee, tuulize. Neno hilo, hajulikani, ulitumie ukiwa umekwisha kwenda kuuliza na kurudi. Ukilitumia kabla, andika hatukuuliza.

Sasa nikueleze la Jumamosi. Ukoo wa Mzee Mwinjuma unakutana kijijini kwao. Maktaba imesema itafuata watakalosema: kanda ifutwe, ifungwe wasikilize wao peke yao, au ibaki wazi na maelezo yaliyosahihishwa. Mimi ndiye niliyeombwa kwenda na kuleta jibu. Bi Tatu bado anasema ifutwe. Hamisi hajui anataka nini. Anachotaka ni kutembea barabarani bila kuitwa fisi, na hilo hata kufuta hakumpi. Ikifutwa sehemu ya tatu, na ya nne inakwenda nayo. Mazishi ni yale yale, na mtu hawezi kuchagua kicheko akaacha kilichokileta.

Ulimwambia baba yako utaahirisha safari ili uende nami. Usiahirishe. Ukiwa pale nitakutazama wewe badala ya kuwatazama wao, na utanisaidia kusema, na mimi nimekwisha kusema mengi katika jambo hili.

Nimewaza sana nitakavyofanya. Nilikuwa nimeandaa hotuba, yenye utangulizi na hitimisho, kuhusu faida za kuhifadhi mila. Nimeichana leo asubuhi. Nitamwomba Bi Tatu asikilize kwanza, peke yake kama atapenda, sehemu ya tatu kisha ya nne, kwa mpangilio wake. Nitawaambia ni mimi niliyeandika wizi, na kwamba nilijua. Nitamwomba Hamisi msamaha mbele ya wazee wake, na yule kijana wa bucha akiwapo na asikie. Nitawaambia pia kwamba wakifuta, ile katalogi moja iliyokataa kujibu bado ina sentensi yangu, na kwamba wewe hujaacha kuifuatilia. Kisha nitatoka nje, wazungumze.

Moyo wangu unataka ibaki. Ukiniuliza wewe, nitakujibu hivyo. Wao sitawaambia. Maneno yangu yamekwisha kuwasemea mara moja.

Jina langu liache pale lilipo. Nimeuona ukurasa mpya ulivyouandika: yaliyokuwapo, yaliyobadilishwa, sababu, jina lako chini ya langu. Niliusoma nikitafuta kosa la lugha, kwa mazoea, nikakuta moja, koma iliyozidi. Nimeiacha.

Sauti ya lango naisikia, nadhani ni wewe; bila shaka shangazi yako amekufungashia mihogo usiyoiweza kubeba. Nitaiweka barua hii ndani ya begi lako, chini ya kitambaa cha kichwa, na sitakuambia. Ukiisoma treni imekwisha kuondoka.

Kabla ya Jumamosi usitegemee habari yoyote kwangu, na usinipigie kuniuliza nimejiandaaje. Ukoo ukiisha kuamua, nitakuandikia pale pale kijijini kabla sijapanda gari la kurudi. Nitayaandika kama watakavyoyasema wao, iwe ni kufuta au kubakiza, na sitakutumia mpaka niwe nimewasomea, na Bi Tatu amesema, "Ndivyo."

Mama yako